Sauti Namba Ishirini na Nane

Sauti ilikuwa imefika namba ishirini na nane geti lilipofunguliwa. Selipher alisikia gari likiingia, na badala ya kuzima televisheni akafanya jambo ambalo hakujua mikono yake inaliweza. Alichukua rimoti akaiweka mapajani mwa mtoto.

Kisha akashika kitambaa, akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

Kwenye kioo cha televisheni, paka wa katuni alikuwa akinyata kumwendea panya, na vayolini nyingi zilinyata naye hatua kwa hatua. Rital, binti wa miaka mitano, alicheka. Hiyo rimoti hata hakuiangalia.

Selipher alikuwa na siku kumi tu katika nyumba hii ya Al-Rawdah. Kazi yake hasa ilikuwa Riyadh, mwaka wa pili sasa. Dada ya bosi wake hapa Jeddah aliachwa na mfanyakazi ghafla, basi wakamwazima Selipher, kama watu wanavyoazimana sufuria kubwa ya harusi.

"Dada yangu akikusema vizuri," madam wa Riyadh alimwambia, "nasaini karatasi ya likizo yako."

Likizo hiyo ilikuwa ya Agosti. Elijah, mwanawe wa pekee, alikuwa anaoa. Baba yake yuko kaburini. Mama naye asipofika, nani angesimama upande wa kijana?

Madam wa Jeddah hakujua Kiingereza, na Kiarabu cha Selipher kiliishia yalla, halas na mafi, yaani haya twende, basi na hakuna. Kwa hiyo humo ndani mambo yaliendeshwa kwa mikono. Madam akitaka chai, alionyesha. Mtoto akitaka maji, alionyesha. Hata mama na mtoto wenyewe kwa wenyewe walizungumza kwa vidole mbele yake, na Selipher aliona hiyo ni heshima kubwa, kumfanyia mgeni hivyo ili asijione ametengwa.

Sheria ya nyumba alitafsiriwa siku ya kwanza na Protus, dereva, kijana wa Bungoma aliyekuwa na familia hiyo miaka saba.

"Muziki hapa mafi, Mama. Nyanya wa nyumba hataki kuusikia."

"Hata mimi siutaki. Mimi ni mama wa kanisa."

"Basi mtaelewana. Shida ni hili joto tu. Huku hata shetani hutembea na feni."

"Usimtaje huyo."

Na kweli, televisheni ilikuwa kimya. Kila alasiri, madam akimpeleka nyanya kliniki, Rital aliketi kutazama katuni za zamani za Marekani, DVD alizoleta mjomba wake aliyesomea huko. Paka alikimbia bila sauti, akagonga ukuta bila sauti.

Siku ya tatu Selipher alibonyeza rimoti kidogo, aone tu kama mashine imeharibika. Namba tano. Paka aliteleza ngazini, na tromboni ikateleza naye mpaka chini.

Selipher aliketi.

Marehemu mumewe, Ephraim, alipiga tromboni katika bendi ya kanisa miaka kumi na tisa. Tangu wamzike, hakuwa amesikia mtu akiivuta namna ile, kama anayecheka na kuomba msamaha kwa pumzi moja.

Huu hauna maneno, alijiambia. Muziki usio na maneno una ubaya gani? Lakini kesho yake alipanda mpaka kumi, keshokutwa kumi na tano, na akipiga magoti aliwataja watu wote mbele za Mungu ila jambo hilo alilipita kando. Nyumbani aliwahi kuwasimamisha kwaya wasichana wawili kwa sababu ya nyimbo za dunia kwenye simu. Mmoja wao, Mitchelle, alilia mbele ya wazee. Sasa kila Selipher alipobonyeza, uso wa Mitchelle ulimjia, naye alibonyeza tena.

Rital hakuwa na neno. Alichekea palepale alipokuwa akichekea siku za ukimya. Hata mashine ya kufyonza vumbi ikinguruma karibu naye, hakununa. Mtoto mwenye adabu, Selipher alisema moyoni.

Sasa mlango ulifunguliwa. Kliniki ilikuwa imefungwa mapema. Madam aliingia akasimama, na nyuma yake Protus akisukuma kiti cha nyanya, nyanya ameziba masikio kwa ncha za mtandio. Tarumbeta zilikuwa zimepamba moto. Paka alikuwa amekanyaga reki.

Madam alizima televisheni kwa kidole chake mwenyewe. Akasema maneno machache, polepole.

"Anauliza nani ameweka huo muziki," Protus alisema.

 Akilini Selipher alimwona Elijah ndani ya suti, na kando yake kiti kitupu.

"Mwambie ni mtoto."

"Mama?"

"Ni mtoto! Rimoti si hiyo anayo? Katuni bila sauti hataki, analia mpaka iongezwe. Nimemkataza mara ngapi! Mwambie."

Masikio yalimwaka. Rital aliinua macho, akamwona, akamtabasamia kwa meno yake yote madogo. Selipher akageukia meza na kitambaa chake.

Protus hakutafsiri. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfunika mzazi wake nguo:

"Mama Elijah, huyu mtoto hajasikia kitu tangu azaliwe. Na madam anangoja jibu. Nimwambie nini?"