Ng'ombe wa Arobaini na Moja

Theluji ilipozidi katika jangwa la juu, kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, Ndeshimuni alijifunika ngozi na kujipenyeza katikati ya ng'ombe wake arobaini wa maziwa. Humo mlikuwa na joto kama jikoni. Akawarudisha nyumbani huku akiimba.

Siku hizo jicho la angani, setilaiti iliyotazama kila kiumbe kutoka juu, ndilo lililosema nani amefika, na milango yote ililitii. Mlango wa nyumba uligoma kila Ndeshimuni alipoukaribia. Wa zizi ulifunguka wenyewe.

"Karibuni," zizi likasema. "Ng'ombe arobaini na moja."

Mumewe aliangua kicheko dirishani. "Mama Aikande, umekuwa ng'ombe!"

"Basi niletee majani, Baba Aikande."

Mumewe akatoka na bakuli la mtori, supu ya ndizi na nyama. Wakala pamoja, wameegemea ubavu wa ng'ombe, huku mikono ya chuma ya zizi ikikamua mmoja baada ya mwingine.

"Kesho nitawaambia wenye jicho wakurekebishe."

"Haraka ya nini? Kipupwe chote sijastarehe hivi."

Mikono ya chuma ikamaliza safu, ikasita, kisha ikamgeukia taratibu.

"Arobaini wamekamuliwa," zizi likasema kwa upole. "Bado mmoja."