Ithibati ya Chuo cha Kicheche

Enzi ambazo ndege walikuwa na serikali yao, Mfalme Tai aliamuru kila mwanafunzi wa chuo binafsi alipiwe ada kwa mtama wa ghala la serikali, mradi chuo chenyewe kiwe na ithibati. Kwale akapata ufadhili huo, akajiunga na chuo cha kuatamia cha Mwalimu Kicheche.

Siku ya ukaguzi, Korongo, mkaguzi wa serikali, alifungua kitabu cha majina. "Mmeandikwa kumi na wawili. Mbona naona tisa?"

Kwale aliwakumbuka wenzake. Wale watatu waliitwa ofisini kwa Kicheche mmoja mmoja, wala hawakurudi, na jana aliona manyoya yamechungulia chini ya mlango. Lakini chuo kikinyimwa ithibati, mtama utakatika, naye atarudi kwao bila cheti.

"Sema, binti, usiogope," Korongo akamhimiza. "Mficha uchi hazai."

Kwale alimtazama Kicheche, kisha akajibu, "Wako kwenye mafunzo kwa vitendo, bwana mkaguzi."

Korongo akaridhika, akagonga muhuri, akaruka zake.

Kwale akashusha pumzi. Ndipo aliposikia sauti laini nyuma yake: "Umekiokoa chuo, mwanangu. Njoo ofisini nikushukuru."

Alitazama juu. Korongo alikwisha kuwa kitone mawinguni, na Kicheche alikuwa ameushika mlango wazi, akimngoja.

Na mtama wa wanafunzi kumi na wawili uliendelea kuletwa, muhula baada ya muhula.