Mate Hayajui Mwizi

"Tafuna!" Madamu aliamuru. "Asiye na hatia atatema donge. Mwizi atatema vumbi."

Kijiko cha unga mkavu kilisimama mbele ya mdomo wa Babu Pasi, mpiga pasi wa karakana. Mzee aliupokea unga, akatafuna taratibu kama mbuzi mwenye mawazo, kisha akatema kwenye gazeti. Donge.

"Ungetiwa chumvi kidogo, ningemeza," alisema, akairudia pasi yake.

Hakuna aliyecheka. Ufunguo wa droo ulikuwa umepotea. Ulikuwa ufunguo mdogo wa shaba, haufiki hata urefu wa kidole gumba, na Madamu alilala nao na kuamka nao, umening'inia shingoni kwa uzi mwekundu. Asubuhi hiyo aliuvua mara moja tu, apimwe gauni mbele ya kioo. Alipogeuka, msumari alioutundikia ulikuwa mtupu. Uzi ulipatikana chini ya meza, umekatwa kwa mkasi. Na katika karakana ya ushonaji, nani asiye na mkasi? Madamu alitia komeo mlangoni, akakagua mifuko, viatu, vilemba, hata mapindo ya sketi. Hola.

Ndani ya droo ile mlikuwa na vyeti vya shule vya mafundi wote. "Navitunza mimi, visije vikaliwa na panya huko kwenu," Madamu alipenda kusema. Fundi asiye na cheti haendi popote.

Na aliyetaka kwenda alijulikana. Walimwita Nesi, ingawa hakuwa nesi bado. Alishona vifungo huku kitabu cha sayansi kimeegemezwa kwenye cherehani. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempokea, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuripoti, cheti mkononi. Asiye nacho, nafasi yake anapewa mwingine. Alikuwa amemwomba Madamu hadi kwa magoti. Jibu lilikuwa lile lile: "Maliza kwanza magauni ya watu."

"Wewe, Mkato!"

Mkato alikuwa dada wa kukata vitambaa, na maneno yake yalikuwa mafupi kuliko vipande alivyokata. Alisogea ameshika shavu.

"Una nini?"

"Jino."

Akatafuna kwa upande mmoja, akainama, akatema. Donge, tena limelowa chapachapa.

"Huyu ana mto mdomoni," Babu Pasi alinong'ona.

Zamu ya Nesi ikafika. Ulimi ulikuwa umemganda kwenye kaakaa, na alijua kwa nini. Si yeye mwenyewe aliyewasomea wenzake juzi? Kwamba mate hulainisha tonge na kuanza kulimeng'enya kabla halijafika tumboni, huosha meno, hulinda kinywa. Kwamba mtu akiogopa, mate hukauka. Na ukitia kitu mdomoni, hata kokoto, yanatiririka upya. Babu Pasi alikuwa amecheka: "Basi wenye njaa tulambe kokoto!" Mkato hakucheka. Alikuwa amesimama mkasi hewani, akisikiliza.

Kujua hakukumsaidia. Unga ulimkaba koo, akajitahidi, akautema. Ulitoka mkavu kama ulivyoingia, ukatua juu ya viatu vya Madamu.

"Haa! Nilisema mimi!" Madamu alipiga makofi. "Unanipigia magoti, kumbe jicho liko shingoni kwangu! Toa ufunguo, kisha uende zako. Na cheti usahau!"

Nesi alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Hata sasa shingo ilianza kuinama yenyewe, kwa mazoea. Kisha akaikumbuka kesho, akaikaza.

"Mate hayajui mwizi, Madamu," alisema, sauti ikikwaruza. "Yanajua woga tu. Nimekauka kwa sababu nakuogopa. Nimekuogopa tangu nilipoingia mlango ule. Leo basi."

Akachota unga, kijiko kikafurika.

"Wa mwisho kuonekana na ufunguo ni wewe. Tafuna na wewe."

"Wee mtoto! Huna adabu?"

"Tafuna."

"Yaani mimi nijiibie?"

"Kama huna hatia, mama, hofu ya nini?" Babu Pasi alisema, akiisimamisha pasi.

Mkato alikunja mikono kifuani, akamkazia Madamu macho. Mafundi wengine nao wakakunja mikono.

Madamu alikinyakua kijiko, akajitia unga mdomoni. Alitafuna kwa hasira. Akatafuna tena, macho yote yakiwa kwake. Taya zikaanza kusitasita. Akataka kusema kitu, akakohoa, na wingu jeupe likampanda hadi kwenye nyusi.

"Lo! Mwizi tumempata!" Babu Pasi alisema.

Karakana nzima ikaangua kicheko. Madamu alivuta komeo, akatoka mbio, machozi yakimtoka. Wakasikia bomba la uani likifunguliwa, na mtu akisukutua na kulaani kwa zamu.

Nesi aliishikilia cherehani yake. Kushinda alikuwa ameshinda. Lakini droo ilikuwa imefungwa vile vile, na kesho iko pale pale.

Mkato akamjia. Aliuchukua mkono wake, akakikunjua kiganja, akakiinamia kama anayetaka kukibusu. Akatema.

Shaba ndogo, imelowa chapachapa.

"Wahi," Mkato alisema, na shavu lake lilikuwa limenywea. "Bado anasukutua."