Picha ya Chui wa Mwambani

Askari wa wanyamapori alishasema: bila picha, hawaleti mtego. Ndiyo maana Kalunde alisimama uani tangu alfajiri, simu mkononi, akiulenga mwamba ulioko kilimani, anakojianika yule chui aliyemmalizia mbuzi. Kitu kilipojilaza kule juu, alipiga picha moja tu, akakimbilia ofisini.

"Huyu hapa, afande," alisema, akiivuta picha kwa vidole viwili.

Askari Lusekelo akakodoa macho. "Mama, hili ni jiwe."

"Jiwe lina masikio?"

Akaivuta zaidi. Masikio yakageuka vijisanduku vya rangi ya udongo. Akaivuta tena, na sasa hata yeye hakujua kama ule ni mgongo, kichaka, au mtu aliyechuchumaa. Kadiri alivyomsogeza mnyama karibu, ndivyo alivyozidi kumpotea. Majirani wote alishawaapia kwamba amemwona. Amemwona nani, sasa?

"Hebu nipe." Lusekelo akairudisha picha ikawa nzima, kama ilivyopigwa: kilima kidogo kule mbali, ua, kamba yenye kanga moja iliyoanikwa. Kidole chake kikashuka hadi chini ya ile kanga, palipochungulia miguu minne yenye madoa na ncha ya mkia.

"Mama, ulikuwa umesimama wapi?"

Kalunde aliiangalia kanga ya kwenye picha, kisha ile aliyojifunga, aliyoianua mbio wakati anatoka, macho yake yakiwa bado kule mwambani. Ilikuwa bado mbichi.