Mstari wa Naima

"Huu mstari ni wa nani?"

Gladness aliigeuza kompyuta yake ili Naima aone. Nje, mafundi wa mageti wa Kizota walikuwa wakikata vyuma, ikabidi arudie swali kwa sauti.

"Wangu, dada," Naima alijibu.

Hata hakukana! Afadhali angedanganya kidogo.

Walikuwa watatu kwenye ofisi ile, wakiandika programu za kutunza nywila, yaani maneno ya siri ambayo mafundi wa kompyuta hutumia kuingia kwenye hazina za kazi za wateja. Gladness alikuwa na yake, Naima yake, Thobias yake, kila moja kwa aina yake ya kompyuta. Nusu ya msimbo, yaani maandishi ya programu, ilifanana, kwa hiyo kosa moja lilirekebishwa mara tatu. Naima ndiye aliyeshauri ile nusu iwe moja, itumiwe na programu zote. Gladness alikataa sana, akisema kila mtu na chungu chake. Mwishowe alikubali kwa sababu aliyeomba ni Naima.

Na shukrani yake ndiyo hii. Binti aliyekula mlenda wa mama yake Gladness kule Mkonze, aliyepikiwa pilau ya Idi katika nyumba ya Wakristo, anaingiza mstari kimyakimya kwenye msimbo wa pamoja! Kikulacho ki nguoni mwako, jamani, wahenga walishasema.

"Yaani nywila za wateja zikifunguliwa tu, simu yako inazipata? Kweli, Naima? Unifanyie hivi mimi dada yako?"

Naima aliinamisha kichwa. "Nilitaka kukwambia."

"Uliuweka lini?"

"Jumatatu."

Gladness aliketi. Machozi yakamtoka kweli kweli. Hakuwahi kuumizwa hivi na mtu aliyempenda.

"Tuufute sasa hivi, Thobias hajafika," alisema. "Nitakusitiri, mdogo wangu. Hakuna atakayejua."

Akaufuta mwenyewe. Kwa kuwa nusu ile ilikuwa moja, ulifutika kwenye programu zote tatu.

Naima hakumzuia. Alitoa simu yake mkobani, akaiweka mezani taratibu.

"Ule mstari hauchukui nywila, dada, na wewe umeusoma. Unaniletea jina la anayefungua nywila za wateja wasiomhusu."

Kwenye kioo cha simu, kuanzia juu hadi chini, jina lilikuwa moja tu: Gladness.

"Wateja walilalamika kwamba kazi zao zinaibwa," Naima alisema. "Thobias akaniambia ni wewe. Niliuweka ili nimuumbue yeye, nikiamini anakusingizia."