Taa ya Barabarani

Tadea na wenzake walitoka shamba wakalikuta shimo la nguzo likiwa bado tupu. Lilikuwa njia panda ya zahanati, pale pale mkwewe alipoanguka gizani na uchungu wa kuzaa, asifike. Walilichimba wenyewe siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kwa mikono iliyozoea kuchimba ngoro, mashimo ya shamba la mahindi, ili isimikwe taa ya barabarani.

Nguzo ya taa ilikuwa imesimikwa ng'ambo ya barabara, ndani ya ukuta wa matofali mabichi wa mnunuzi mpya wa kahawa.

Mwenyekiti wa kijiji alisimama langoni. Tadea hakumsalimu.

"Mwenyekiti, taa ya barabarani ni nini?"

"Ni taa ya kumulika barabara, mama."

"Humo ndani mna barabara?"

Mwenyekiti akacheka. "Soko huria hili, mama. Tajiri ana magunia yake ya kulinda."

Tadea alitazama malengelenge viganjani, hata hayajakauka. Akateremsha jembe begani.

"Basi kama taa haikuja barabarani, barabara itaifuata."

Akaupiga ukuta. Tofali la kwanza lilipoanguka, alisikia nyuma yake majembe mengine yakiteremshwa.