Bakuli la Lama Thokmed

Ukuta ulikuwa mzima bado. Rigzin aliukagua kila asubuhi, akitafuta japo jiwe moja lililolegea. Wapi!

Lama Thokmed, mtawa mzee wa Kibudha, alijijengea ukuta ule mwenyewe, akajifungia pangoni juu ya kijiji chao huku Zanskar, afanye ibada peke yake. Alisema mwaka mmoja. Sasa huo, wa tatu unakatika. Na desturi ni desturi: nyumba iliyoanza kumlisha lama ndiyo itamlisha mpaka mwenyewe agonge ukuta mara tatu. Anayempelekea chakula hasafiri, wala hamuulizi atatoka lini. Tena akipeleka kwa kinyongo, basi, baraka za ukoo mzima zimemwagika.

Kwa hiyo kila siku Rigzin alipanda mlima akiimba. Upepo unakata masikio, yeye anaimba kama bwana harusi!

"Imba, kaka, imba," dada yake Lhazes alimcheka asubuhi moja. "Baba yake mchumba wako Yangdol kachoka kukungoja. Usipovuka mlima ukafika keshokutwa, anamwoza kwa yule mwenye lori. Wewe oa pango."

Rigzin alibeba uji wa lama wa shayiri na chai ya siagi, akapanda. Alipofika pangoni akafungua mdomo aimbe. Sauti haikuja. Akasukuma bakuli kwenye tundu la ukutani, akakaa chini kwenye theluji, akalia mtu mzima yule, machozi yakimgandia ndevuni.

Bakuli halikuchukuliwa.

"Rigzin?" lama akaita kutoka ndani. "Mbona leo huimbi? Unaumwa?"

"Hapana, Babu."

"Umechoka?"

Rigzin akamfikiria baba yake, akaufikiria ukoo wote. Halafu akamwona Yangdol juu ya lori la watu.

"Nimechoka, Babu. Nisamehe. Nimechoka mpaka mifupa."

Rigzin akajishika kichwa. Ameshazimwaga baraka.

Ngo. Ngo. Ngo.

Jiwe la juu likaporomoka, la pili likafuata. Ukachomoza mkono mkavu kama kuni, kisha kichwa kimejaa vumbi, macho yakipepesa juani.

"Nivute basi, mjukuu wangu, nivute!" lama akasema akihema. "Tangu mwaka wa kwanza nataka kutoka. Ningetokaje, na wewe unavyofurahi kunilisha?"